Namba kwenye rimoti: jinsi ya kutega pampu ya joto isiwake na kuzima ovyo

Ukipanga nyumba leo Lewiston au Portland, hapa jimbo la Maine, Marekani, huenda ukakuta ukutani, karibu na dari, boksi refu jeupe linalofanana kabisa na AC za Dar es Salaam au Mombasa. Wengi wetu tumewahi kuliangalia na kujiuliza: AC ya nini kwenye baridi hii? Kisha tunachukua rimoti na kubonyeza mpaka namba ifike mwisho, maana tunataka joto sasa hivi. Usiku wa manane chumba kimekuwa tanuri, tunazima. Alfajiri tumeganda, tunawasha tena kwa namba ile ile ya mwisho. Bili ikija tunailaumu mashine.

Boksi hilo ni pampu ya joto. Maine imezifunga kwa wingi: mwaka 2019 jimbo lilijiwekea lengo la kufunga pampu 100,000 kufikia 2025, na lengo likatimia 2023. Zaidi ya nusu ya nyumba za hapa zilikuwa zikipashwa kwa mafuta, na bei ya mafuta haina huruma. Ndiyo maana hata nyumba za kupanga tunazohamia sisi tuliotoka Kongo, Burundi, Rwanda, Tanzania na Kenya sasa zinazo. Nimemsaidia fundi wa mashine hizi kwa misimu kadhaa ya baridi, na mara nyingi ndugu zetu wakiniita kwamba mashine ni mbovu, nakuta haina ubovu wowote. Imetegwa vibaya tu.

Kwanza: namba ile si kasi

Jiko la mkaa ukiliongeza mkaa, moto unazidi. Tumekua na hilo, kwa hiyo tunaamini namba kubwa ni moto mkubwa. Pampu ya joto haifanyi kazi hivyo.

Weka mkono nyuma ya friji yako. Joto unalolisikia pale limetolewa kwenye maziwa na nyama iliyomo ndani. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa: inafyonza joto kutoka hewa ya nje na kulileta chumbani. Hata nje kukiwa digrii 5 za Farenhaiti, yaani 15 chini ya sifuri kwa Selsiasi, bado hewa ina joto la kuchotwa, kwa sababu gesi inayozunguka kwenye mabomba imepozwa kuliko hewa yenyewe. Kwa kuwa haichomi kitu bali inahamisha tu, uniti moja ya umeme inaweza kukuletea uniti tatu za joto siku ya baridi ya wastani, na kama mbili hivi siku ya baridi kali. Hita ya kawaida ya umeme inakupa uniti moja ya joto kwa kila uniti moja ya umeme.

Sasa namba. Ukitega 70 (sawa na 21 za Selsiasi), umeiambia mashine wapi isimame. Kama chumba kiko 60, ukitega 72 au ukitega 86, kwa kawaida itakimbia kwa nguvu zake zote vile vile. Kwa 72 itapunguza mwendo ikifika, na kwa 86 itaendelea kukukaanga.

Mashine za zamani zina hali mbili tu: zimewaka au zimezima. Ukizitega 70, zinawaka chumba kikishuka mpaka 69 na kuzima kikipanda mpaka 71. Pengo hilo dogo limewekwa makusudi. Bila hilo mashine ingewaka na kuzima kila sekunde chache. Mashine za sasa zina inveta, kifaa kinachobadili mwendo wa kompresa, yaani injini ya nje inayosukuma gesi, kwa hiyo inaweza kwenda mbio au polepole. Hizi zinafanya kama mpishi wa wali: moto mkali mpaka maji yachemke, halafu mkaa unapunguzwa, unabaki wa kupalia tu. Zikikaribia namba uliyotega zinapunguza mwendo badala ya kuzima. Zinazima pale ambapo hata mwendo wao wa chini kabisa umezidi mahitaji ya chumba.

Na kila kuwaka kuna gharama yake. Dakika za mwanzo mashine inakula umeme kupasha mabomba yake yenyewe, feni ya ndani ikisubiri ili isikupulizie baridi. Kompresa nayo huchakaa zaidi kwa kuanza kuliko kwa kuendelea. Kwa hiyo tunataka mashine iwake mara chache, ikae muda mrefu, iende taratibu. Mengine yote hapa chini yanafuata hilo.

Hatua ya 1: Kaa nayo saa nzima kabla hujagusa kitu

Chukua kalamu na karatasi. Juu andika namba uliyotega na baridi ya nje kama simu yako inavyosema. Kisha kaa sebuleni na uandike kila inapoanza na kila inapoacha. Sikiliza mashine ya nje. Feni ya ndani inaweza kuendelea kupuliza hata kompresa ikiwa imelala, kwa hiyo usiiamini peke yake.

Karatasi ya mama mmoja jirani yangu ilikuwa hivi: imewaka saa 1:05, imezima 1:11, imewaka 1:17, imezima 1:22, imewaka 1:29, imezima 1:35. Nje kulikuwa digrii 30 za Farenhaiti, baridi ya kawaida kabisa kwa hapa. Mashine inayowaka kwa dakika tano au sita na kulala sita au saba haifaidi kitu. Ikiwaka mara moja, mbili au tatu kwa saa na kukaa robo saa au zaidi kila mara, iache. Ikifika mara tano au zaidi, kuna jambo, na mara nyingi utaliona kwenye hatua zinazofuata.

Halafu kuna hofu ya upande wa pili. Siku ya baridi kali, mashine inaweza kukimbia kutwa kucha bila kuzima hata mara moja, na watu wananipigia simu wakiwa na wasiwasi kwamba itaungua au bili itawamaliza. Hiyo ndiyo kazi iliyoundiwa. Kama chumba kinashika joto ulilotega, au kinapungua digrii moja au mbili tu usiku wenye upepo, mashine iko sawa.

Usijaribu kuiamsha kwa kuizima na kuiwasha. Ndani yake kuna ulinzi unaoizuia kompresa isianze tena mpaka zipite kama dakika tatu, ili mgandamizo wa gesi utulie. Ukibonyeza mara kumi unazidi kujichelewesha.

Hatua ya 2: Chagua jua, usichague AUTO

Kwenye rimoti kuna alama: jua ni kupasha, chembe ya theluji ni kupoza, tone la maji ni kukausha hewa, panga la feni ni kupuliza tu. Kisha kuna AUTO, na hii ndiyo inayowakosesha watu wengi usingizi. AUTO ya hali ya mashine maana yake ni kwamba mashine yenyewe inaamua ipashe au ipoze. Mchana wa mwezi wa tatu jua likipenya dirishani, chumba kinapanda digrii chache juu ya namba yako, na mashine inageuka AC. Jioni inageuka tena. Unalipia joto, kisha unalipia kulitoa.

Weka jua, palipoandikwa HEAT, kuanzia mwezi wa kumi mpaka msimu uishe.

Kama una vichwa, yaani maboksi ya ndani, viwili au vitatu vinavyotumia mashine moja ya nje, vyote viwe kwenye jua. Mifumo mingi ya nyumbani ya aina hiyo haiwezi kupasha chumba kimoja na kupoza kingine kwa wakati mmoja. Mtoto akiweka theluji chumbani kwake, kichwa kimoja kitakaa kimya kikisubiri, taa ikimulika, na wewe utadhani kimekufa. Nimepanda ngazi zaidi ya mara moja kwa ajili ya hilo tu.

Hatua ya 3: Chagua namba moja, kisha iache

Anza na 68. Iache siku nzima, mchana na usiku. Kesho yake, kama mnasikia baridi, ongeza digrii moja au mbili, subiri tena. Usipandishe namba kila unapopita.

Utashangaa kwamba umetega 70 lakini kipimajoto ulichonunua dukani kinasema 67 pale mezani. Mashine haidanganyi. Kipimajoto chake kimo ndani ya boksi lile, juu karibu na dari, na hewa ya moto hupanda. Kule juu kweli ni 70. Kwa hiyo usiifanye namba ya rimoti kuwa ukweli wa chumba. Kama ni 73 ya rimoti ndiyo inayowapa 70 kwenye kochi, basi 73 ndiyo namba yenu. Baadhi ya rimoti zina kipimajoto ndani yake na kitufe cha kuiambia mashine isome pale rimoti ilipo. Kama yako inacho, itumie, ila rimoti ikae mezani, mbali na dirisha, jiko na jua. Ikisahaulika chini ya blanketi, mashine itasoma joto la blanketi.

Vipi kuhusu kuishusha usiku ili kuokoa? Kwa boila ya mafuta, ile mashine inayochoma mafuta kupasha nyumba, ushauri huo ulikuwa na maana. Kwa pampu ya joto, shusha digrii mbili, tatu ukipenda, basi. Ukiishusha kumi, alfajiri saa ambayo nje ni baridi kuliko zote ndiyo saa unayoidai mashine ikimbie kwa nguvu zote, na ndiyo saa inayotoa joto kidogo zaidi kwa kila uniti ya umeme. Kile ulichookoa usiku unakirudisha asubuhi. Efficiency Maine, shirika linalosimamia ruzuku za mashine hizi jimboni, linashauri jambo hilo hilo: itege kisha uisahau.

Mkisafiri wiki nzima, shusheni mpaka 60 hivi, lakini msizime. Maji kwenye mabomba ya nyumba yanaweza kuganda na kupasua bomba, na hasara yake inapita bili ya msimu mzima.

Hatua ya 4: Feni na mapezi

Feni iweke kwenye AUTO. Najua nimekukataza AUTO hapo juu. Ile ilikuwa ya hali ya mashine, hii ni ya mwendo wa feni, na hii ni nzuri. Watu wanaiweka feni chini kabisa kwa sababu ya kelele au kwa kuona kwamba upepo hauna moto. Matokeo yake hewa ya joto inabaki imejikusanya pale juu, kipimajoto kinaona kazi imekwisha, mashine inazima. Dakika chache baadaye hewa ile inatawanyika, inawaka tena. Ile karatasi ya mama jirani, ya dakika sita sita, ilikuwa na ugonjwa huu. Tuliweka feni kwenye AUTO na kugeuza mapezi, vile vibao vinavyoelekeza upepo, yaelekee chini, sakafuni. Jioni iliyofuata iliwaka mara mbili tu kwa saa.

Kwa kupasha, mapezi yaangalie chini. Kwa kupoza wakati wa kiangazi yaangalie mbele au juu. Ondoa pazia refu au kabati lililo mbele yake, kwa sababu hewa ikigonga kabati na kurudi kwenye boksi, mashine itapasha kabati.

Na ule upepo usio na moto? Hewa inayotoka inaweza kuwa digrii 95, sawa na 35 za Selsiasi. Mwili wako una 37. Ukiweka kiganja pale utasema ni vuguvugu, lakini chumba kinapanda. Angalia kipimajoto, usiamini kiganja.

Hatua ya 5: Kama kuna boila pia, nani anaanza?

Nyumba nyingi za zamani za hapa zina pampu ya joto na boila ya mafuta au gesi, kila moja na kitegeo chake (thermostat). Mashine hizi mbili hazijuani. Boila ikitegwa 70 na pampu 68, boila inapasha kwanza, kipimajoto cha pampu kinaona hakuna kazi, pampu inalala msimu mzima. Unachoma mafuta huku mashine ya bei nafuu ipo ukutani.

Tega pampu kwa namba mnayoitaka, tuseme 70. Boila itege chini yake kwa digrii tano au zaidi, tuseme 64. Hapo boila itaamka tu baridi ikiizidi pampu nguvu. Usiizime kabisa bila kumuuliza mwenye nyumba, maana mara nyingi ndiyo inayokinga mabomba ya chini ya nyumba yasigande, na huenda ndiyo inayowapa maji ya moto.

Wenye mfumo unaopuliza hewa kwa matundu ya sakafuni au dari, na kitegeo kimoja ukutani, angalieni neno AUX linapotokea. Ni hita ya umeme imeingia kusaidia, ile ya uniti moja ya joto kwa uniti moja ya umeme. Mara nyingi inaingia ukipandisha namba kwa zaidi ya digrii mbili au tatu kwa mpigo. Pandisha digrii moja, subiri, pandisha nyingine. Na EMERGENCY HEAT usiiguse kama pampu yenyewe haijaharibika. Inaizima pampu na kukuacha na hita tupu.

Hatua ya 6: Ijue kuzima kusiko kubaya

Januari moja, saa tatu usiku, jirani yangu yule, mama aliyekaa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka mingi kabla ya kuja huku, alinipigia simu.

“Mwanangu, njoo haraka. Ile mashine ya nje inatoa moshi, na ya ndani imekata.”

Nilimkuta amesimama ukumbini na birika la maji yaliyochemka mkononi, khanga juu ya jaketi.

“Mama, birika la nini?”

“Imeshika barafu. Nataka niimwagie.”

“Hapana, mama, weka chini kwanza. Njoo tuiangalie pamoja.”

Tulisimama dirishani. Mashine ya nje ilikuwa nyeupe yote mgongoni kwa barafu, feni yake imesimama, na wingu zito linapanda. Baada ya dakika kama tano maji yakaanza kuchuruzika chini, likasikika pumuo kubwa kama tairi linalotolewa upepo, feni ikazunguka, na ndani hewa ya joto ikarudi.

Wingu lile ni mvuke, si moshi. Wakati pampu inafyonza joto nje, unyevu wa hewa unaganda kwenye mapezi ya mashine ya nje, vile vibati vyembamba vya mgongoni. Barafu ikizidi, hewa haipiti. Kwa hiyo mashine inajigeuza kwa muda: vali ya ndani inabadili mkondo wa gesi, joto linapelekwa nje kuyeyusha barafu, na feni ya ndani inasimama ili isikupulizie baridi. Pumuo ulilosikia ni vali hiyo ikirudi. Kwa kawaida inachukua kati ya dakika tatu na kumi, na siku zenye unyevu, hasa nje kukiwa karibu na digrii 32 na theluji mbichi inaanguka, inatokea mara kwa mara kuliko siku kavu za baridi kali. Kwenye karatasi yako andika B pembeni ya kuzima kwa namna hii, usiihesabu.

Maji ya moto usimwage. Yataganda chini ya mashine na kushika feni. Wala usigonge barafu kwa kisu au nyundo. Mapezi yale ni laini kama karatasi ya bati, na nyuma yake kuna bomba la gesi. Barafu ikibaki saa nyingi bila kuyeyuka, mpigie fundi.

Hatua ya 7: Chujio na theluji

Fungua kifuniko cha boksi la ndani, chomoa vyujio viwili, oshea sinkini kwa maji ya uvuguvugu, kausha, rudisha. Mara moja kwa mwezi wakati wa baridi. Kila wiki mbili kama mnakaanga samaki na mandazi karibu nayo, maana mafuta na vumbi hushikana kama gundi. Chujio kikiziba, joto linakwama ndani ya boksi, mashine inajilinda kwa kuzima, na mchezo wa kuwaka na kuzima unaanza upya hata kama namba yako ni sahihi. Nje, baada ya kila theluji, fagia iwe wazi pande zote kwa kadiri ya futi moja, hasa nyuma inakovutia hewa na chini inakomwaga maji.

Ukifanya yote na bado inawaka na kuzima

Angalia tarehe kwanza. Mwezi wa nne nje kukiwa digrii 50, nyumba inahitaji joto dogo sana kuliko hata mwendo wa chini wa mashine, kwa hiyo kuwaka na kuzima hakuepukiki. Kama una vichwa kadhaa, usizime na kuwasha kimoja kimoja kutwa; acha viwili vya sehemu mnazokaa.

Kama ni katikati ya baridi, digrii 20 au 30, feni iko AUTO, chujio ni safi, na bado inawaka mara nane kwa saa, huenda mliwekewa mashine kubwa kuliko chumba, au kipimajoto chake kina hitilafu, au gesi imepungua. Hayo si ya kurekebisha kwa rimoti, na kwa kawaida si yako kulipia kama umepanga. Mwandikie mwenye nyumba ujumbe, usiishie kumpigia tu, na uambatishe picha ya ile karatasi: namba uliyotega, baridi ya nje, saa ya kila kuwaka na kila kuzima, zile za barafu zikiwa na B. Fundi akifika mpe karatasi hiyo kabla hajafungua begi. Ukimwambia inazima zima, ataisikiliza dakika mbili, ataikuta inafanya kazi, ataondoka. Akiona saa 1:05, 1:11, 1:17, 1:22, atatoa vipimo vyake.